Vazi la sukari ambalo kipimo cha manii hakilioni

Karatasi ya majibu ya kipimo cha manii haina mengi. Kuna ujazo, idadi, mwendo na umbo, na pembeni kuna viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021: mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, asilimia 42 zinazotembea, asilimia 4 zenye umbo linalokubalika. Mwanamume akifika hapo, chini kabisa huandikwa "kawaida". Nimeliandika neno hilo mara nyingi, maana mimi ni mtu wa maabara, na benchi la manii limekuwa langu kwa sababu wenzangu hulikwepa.

(Viwango hivyo, kwa taarifa yako, vilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, kisha mstari ukachorwa walipoishia asilimia 5 wa chini kabisa. Maana yake wapo akina baba wenye watoto wao ambao wako chini ya mstari. Hayo tutayaongea siku nyingine.)

Kuna asubuhi alikuja mama mtu mzima na mwanawe wa kiume. Mke hakuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumefuata majibu ya huyu."

Majibu ni ya mwenye sampuli, kwa hiyo nikamkabidhi kijana mwenyewe. Akafungua karatasi, mama akachungulia begani kwake, macho yakaenda moja kwa moja kwenye lile neno la chini.

"Si nilisema mimi? Mwanangu mzima. Sasa tatizo liko wapi tunalijua."

"Mama, hiki kipimo kinahesabu tu. Hakisemi kila kitu."

"Kama kinahesabu na zimetimia, na zinatembea, kimebaki nini tena?"

Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na swali lile halijibiki dirishani. Lakini ni swali zuri sana, hata kama yeye aliliuliza kwa kejeli. Kilichobaki ni kitu ambacho hadubini yangu ya kila siku haikioni: sukari zilizo juu ya mbegu ya kiume, jinsi inavyovalishwa, na jinsi inavyozivua kabla haijalifikia yai.

Nikisema sukari sina maana ya ile ya chai. Kila seli ya mwili imefunikwa na minyororo midogo ya sukari iliyoshikizwa kwenye protini na mafuta ya utando wake. Umeshakutana nayo bila kujua: kundi lako la damu ni sukari. Mwenye kundi A ana sukari yake mwishoni mwa mnyororo, mwenye B ana galaktosi mahali hapo hapo, mwenye O hana yoyote kati ya hizo mbili, mnyororo wake umeishia mapema. Tofauti ya sukari moja ndogo kiasi hicho inatosha kumuua mtu akiongezewa damu isiyomfaa. Anayedhani sukari za juu ya seli ni mapambo, mpeleke benki ya damu akaulize.

Kichwa cha mbegu ya kiume kina urefu wa mikromita 5 hivi, na juu ya utando wake kuna tabaka la sukari lenye unene wa nanomita 20 hadi 60. Hilo ndilo ninaloliita vazi. Mbegu haizaliwi nalo likiwa kamili. Ikitoka kwenye korodani haijui hata kuogelea. Hupitishwa kwanza kwenye epididimisi, mrija uliojikunjakunja nyuma ya korodani ambao ukinyooshwa unafika kama mita 6, na humo husafiri kwa siku kadhaa. Ndimo inamovalishwa. Kuta za mrija humwaga protini zilizosheheni sukari, nazo hujibandika juu ya mbegu inayopita. Kuna mbili tutakutana nazo tena mbele, CD52 na DEFB126. Minyororo yao mingi huishia na sukari iitwayo asidi ya sialiki, ambayo ina chaji hasi, kwa hiyo mbegu iliyokomaa imezungukwa na chaji hasi.

Chaji hiyo ina kazi yake. Mlango wa kizazi umezibwa na ute, na siku nyingi za mwezi ute huo ni mzito, haupitiki. Zile siku chache yai linapokaribia kutoka, hulainika na kuvutika, mbegu zikapata upenyo. Hata hapo ute wenyewe umejaa asidi ya sialiki, nao una chaji hasi, na chaji mbili zinazofanana husukumana. Mbegu yenye vazi zima hupita bila kunata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliliona jambo hili kwa nyani wa aina ya makaki: walipoiondoa DEFB126 juu ya mbegu, mbegu zilishindwa kupenya ute wa siku za yai, walipoirudisha, zikapenya.

Ukitoka kwenye ute kuna kinga ya mwili. Mbegu ni seli ya mtu mwingine iliyoingia ndani ya mwili wa mwanamke, na seli nyeupe za damu hukimbilia kwenye mji wa mimba baada ya tendo. Seli hizo za kinga zina vipokezi viitwavyo Sigleki, ambavyo vikigusa asidi ya sialiki huipoza seli isishambulie. Hata kwa ulinzi huo, wanaofika ni wachache mno. Kati ya makumi ya milioni zilizoanza safari, zinazoonekana kwenye mirija ya uzazi ni mamia, pengine maelfu machache.

Sasa tufike kwenye jambo linalonifanya niipende kazi hii. Vazi linaloiokoa mbegu njiani ndilo hilo hilo linaloizuia kurutubisha. Mwaka 1951, Min Chueh Chang akiwa Massachusetts na Colin Austin akiwa Australia, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba mbegu zilizotoka moja kwa moja kwa dume haziwezi kulirutubisha yai hata zikiwekwa jirani nalo. Lazima kwanza zikae saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike. Chang alifanya kazi na sungura, Austin na panya. Mwaka uliofuata Austin akalipa badiliko hilo jina linalotumika hadi leo, kapasitesheni. Mwaka 1957 Chang akaja na jaribio ambalo kwangu ni zuri kuliko la kwanza: alichukua mbegu zilizokwisha kuwa tayari, akazichanganya na majimaji ya shahawa, zikapoteza uwezo wao. Kumbe kuna kitu ndani ya shahawa kinachozivisha mbegu kizuizi.

Baadhi ya vizuizi hivyo vimeshatambuliwa. Kimojawapo ni glaikodelini-S, protini ya kwenye shahawa inayokaa juu ya mbegu na kuichelewesha isiwe tayari kabla ya wakati. Mbegu ikipita kwenye ute huiacha nyuma. Kisha kolesteroli huanza kutolewa kwenye utando, albumini ikiibeba, bikaboneti huingia, mkia hubadili mwendo na kupiga kwa nguvu zaidi. Mambo ya kolesteroli na bikaboneti yameandikwa sana, sitayarudia. Mimi nakwenda kwenye asidi ya sialiki, kwa sababu nayo hupungua juu ya mbegu wakati huo huo, na kwa muda mrefu haikueleweka inaondolewa na nani. Mwaka 2012 kundi la watafiti huko San Diego lilionyesha kwamba mbegu zenyewe zimebeba vimeng'enya viwili vinavyoikata, Neu1 na Neu3. Mkasi anao mwenye nguo. Walipovizuia vimeng'enya hivyo visifanye kazi, mbegu zilishindwa kushikamana vizuri na ganda la yai.

Kuvua kuna wakati wake, na wakati huo ni mfupi. Mbegu inaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5, lakini yai likishatoka lina kama siku moja tu. Zingevua zote kwa pamoja Jumapili, na yai likatoka Jumatano, lisingekuta mbegu yoyote yenye nguvu, kwa sababu iliyo tayari haidumu. Ndiyo maana kwa wakati wowote ni sehemu ndogo tu ya mbegu zilizo tayari. Hizo zikichoka, nyingine zinakuwa zinafika zamu. Kwa makaki, DEFB126 husaidia hata kuzishikiza mbegu kwenye ukuta wa mrija wa uzazi zikisubiri, na inapobanduka ndipo mbegu zinaachia ukuta na kuendelea.

Kuna mtu ataniuliza sukari hizi zinaonekanaje ikiwa hadubini haizioni. Jibu liko jikoni kwako. Mimea mingi ina protini ziitwazo lektini, na kila lektini hushika sukari ya aina yake na kuiacha nyingine. Ya kwanza kujulikana ilitoka kwenye mbarika, hii ya mbegu za nyonyo: mwaka 1888 Hermann Stillmark, akiwa Dorpat katika nchi tunayoiita sasa Estonia, aliona kwamba sumu ya mbegu hizo huzigandisha pamoja chembe nyekundu za damu. Leo maabara za uzazi hutumia lektini ya njegere na ya karanga kuangalia akrosomu, kile kifuko cha mbele ya kichwa cha mbegu, na lektini ya ngano hutumika kusaka asidi ya sialiki. Lektini hubandikwa rangi inayong'aa, basi kila ilipo sukari yake panang'aa.

Nilijifunza njia ya njegere nikiwa masomoni. Mbegu zilizosafishwa unazipaka kwenye slaidi, unaacha zikauke, unazitumbukiza kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa nusu saa ili utando ufunguke, kisha unaziweka kwenye lektini ndani ya friji, gizani, saa moja au zaidi. Unasuuza. Unazima taa ya chumba, unawasha ya hadubini. Mbegu ambayo bado ina akrosomu inawaka kijani zaidi ya nusu ya kichwa, kwa nguvu, na rangi imetulia sawasawa. Iliyokwisha kuifungua inabaki na mkanda mwembamba wa kijani katikati ya kichwa, au haionyeshi kitu kabisa. Unahesabu 200, kisha 200 nyingine, shingo inauma. Hadubini ya aina hiyo haipo maabara nyingi za kwetu, na hata ikiwepo hakuna anayelipia kipimo hicho. Ndiyo maana karatasi ya majibu ina mistari minne ileile tu.

Yai nalo limevaa. Ganda lake, zona pelusida, ni protini zilizojaa sukari, na mwaka 2011 watafiti wa London na Hong Kong walionyesha kwamba mnyororo uliotapakaa kwenye ganda la yai la binadamu ni ule uitwao sialili-Luwisi-eksi, na kwamba mbegu za binadamu huushika. Mwishoni mwa mnyororo huo kuna nini? Asidi ya sialiki. Kile mbegu inachokivua kwake ndicho inachokitafuta kwa mwenzake. Sijui kama kuna mtu anayeweza kusoma hilo mara ya kwanza asitabasamu.

Na ile glaikodelini niliyoitaja kwenye shahawa ina ndugu zake upande wa mwanamke. Protini ni ile ile, asidi amino zile zile, ila sukari zimepangwa tofauti. Glaikodelini-A na glaikodelini-F huizuia mbegu kushika ganda la yai. Glaikodelini-C, inayopatikana kati ya seli zinazolizunguka yai, huichochea ishike. Protini moja, sukari tofauti, amri zinazopingana. Tulipokuwa shule tulifundishwa kwamba protini ndiyo mtendaji na sukari ni chakula tu. Somo hilo linahitaji kuandikwa upya.

Turudi kwa wanaume wenye majibu ya "kawaida". Mwaka huo huo wa 2011, watafiti wa Davis na wenzao wa China walitoa matokeo kuhusu jeni ya DEFB126. Kuna toleo la jeni hiyo lililokosa herufi mbili za maandishi ya DNA, na kwa kukosa herufi mbili tu, protini haitengenezwi inavyotakiwa. Toleo hilo halikuwa nadra hata kidogo: katika kundi la watu wa Ulaya lilikuwa asilimia 47 ya nakala zote, katika kundi la China asilimia 45. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, kwa hiyo piga hesabu: kama mwanamume mmoja kati ya watano kwenye makundi hayo ana nakala zote mbili pungufu.

Mbegu za wanaume hao zilipoangaliwa kwa hadubini ya kawaida hazikuwa na dosari ya kumfanya mtu wa maabara ashtuke. Zilikuwepo, ziliogelea. Lakini zilipowekwa lektini ya uyoga, hii ya uyoga mweupe unaouzwa supamaketi, mng'ao ulikuwa hafifu: vazi lilikuwa na mapengo. Zilipopewa jeli ya asidi ya hayaluroniki inayotumika badala ya ute wa mlango wa kizazi, kasi ya kupenya ilishuka kwa asilimia 84. Halafu wakafuatilia wanandoa wapya huko China. Wale ambao mume alikuwa na nakala mbili pungufu walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kushika mimba, na waliopata mtoto walichukua muda mrefu zaidi.

Tuelewane hapa. Wanaume hawa si wagumba. Wengi wana watoto. Wanachelewa. Lakini kuchelewa, kwa jinsi tunavyoishi, kunatosha kabisa kumfanya mwanamke aanze kuitwa tasa na mawifi, apelekwe kwa mganga, apigwe picha ya mirija, asafishwe kizazi, na mwishowe aletewe mke mwenza, huku karatasi ya mume ikiwa kabatini imeandikwa "kawaida". Nimewaona wanawake waliokuja na bahasha ya vipimo unene wa kitabu, wakati vya mume ni karatasi moja.

CD52 nayo ina kisa chake. Mwaka 1987 Isojima na wenzake huko Japani walichukua seli za kinga za mwanamke aliyekuwa hapati mimba na kutoka kwazo wakapata kingamwili inayozigandisha mbegu zisisogee. Baadaye ilikuja kueleweka kwamba kingamwili hiyo inashika sukari zilizo kwenye CD52 ya mbegu. Cha ajabu ni kwamba CD52 ipo pia kwenye seli nyeupe za damu za kila mtu, mwanamke huyo akiwemo, na kingamwili yake haikuzigusa hizo. Protini moja tena, sukari tofauti. Mwili wake ulikuwa umeikataa sukari, na protini ikaachwa salama. Hapo sasa utasema tatizo ni la mke au la mume? Mbegu ni nzima, kinga ni nzima, mimba haipo.

Swali linalofuata huwa ni la dawa. Hakuna kidonge cha kuirudishia mbegu vazi ililolikosa kwenye epididimisi, na hakuna unga. Nasema hivi kwa sababu vumbi la Kongo linauzwa hadi getini kwa hospitali, na wanaolinunua wengine wametoka dirishani kwangu dakika kumi zilizopita. Hata kama lingefanya yote linayosifiwa kitandani, halifiki kwenye minyororo ya sukari. Kilichopo ni kuzunguka kikwazo. Mbegu zinaweza kuoshwa maabara, zikatenganishwa na majimaji ya shahawa, kisha zikapitishwa kwa mrija mwembamba hadi ndani ya mji wa mimba. Hapo ute unakuwa umerukwa. Ikishindikana, kuna njia iliyoanzia Brussels na kutangazwa mwaka 1992, ya kuchukua mbegu moja kwa sindano ya kioo na kuiingiza ndani ya yai. Ute, mrija, ganda, sukari za mume na za mke, vyote vinarukwa. Inafanyika hata Afrika Mashariki, kwa mamilioni ya shilingi ambayo wengi hawana.

Ila njia hizo hurekebisha safari ya mara moja, jeni inabaki ilivyo. DEFB126 iko kwenye kromosomu ya 20, haifuati ukoo wa baba peke yake. Mwanamume mwenye nakala mbili pungufu humpa kila mtoto wake moja. Mtoto akiwa wa kike hatahisi lolote, kwa kuwa hana epididimisi ya kuitumia. Ataibeba tu, na kila atakayemzaa ana nafasi ya nusu kwa nusu kuipokea. Akiwa wa kiume, itategemea na nakala aliyopewa na mama yake, na katika makundi yale yaliyopimwa karibu nusu ya nakala zote, za akina mama pia, ndizo hizo zilizokosa herufi mbili.